Seva isiyosubiri mzigo uishe

Jamani, leo mnivumilie, nina hasira na kompyuta. Nipo Chokocho, kusini mwa Pemba, nangoja mashua ya Kisiwa Panza. Nahodha hang'oi nanga mpaka mzigo wa mwisho upakiwe na yeye mwenyewe atamke. Ofisi moja ya mjini (jina nalihifadhi) ingemwajiri huyu, nisingepoteza siku nzima nikisubiri takwimu za habari yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Fundi alikuwa ananakili programu mpya kwenye seva ya Java. Hakuituma ikiwa faili moja la WAR lililofungashwa. Aliituma ikiwa folda iliyofunguliwa, faili moja moja, kwa intaneti yetu hii ya kujikongoja. Seva imewekwa iwashe yenyewe kila kinachotua pale. Ikaiona folda nusu, ikaiwasha. Mfumo ukaanguka, foleni ikasimama, fundi akatuambia "mtandao unasumbua". Mtandao umekosa nini?

Waliotengeneza JBoss waliliona hili. Tangu JBoss AS 7 ya mwaka 2011, seva hukagua kila sekunde 5, lakini folda iliyofunguliwa haiwashwi mpaka umalize kunakili na uweke kando yake faili lenye jina lile lile, likiishia na .dodeploy. WAR huwashwa lenyewe kwa sababu ni zip, na seva hutambua kama halijakamilika. Pamoja na hayo wapo wanaogeuza auto-deploy-exploded iwe true, eti kurahisisha kazi! Tomcat nayo huja na autoDeploy ikiwa true tayari, ikikagua kila sekunde 10, na mwongozo wake wenyewe unakiri kwamba hali hiyo humrahisishia mvamizi kupandikiza programu yake.

Mtasema inaokoa muda. Kwenye kompyuta yako nyumbani, sawa, hata mimi ningeiacha. Lakini DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika hapa Zanzibar, ni programu ya Java ambayo kwa kawaida huendeshwa juu ya Tomcat. Hizo ni hesabu za kliniki, za chanjo za watoto. Seva ya namna hiyo haipaswi kubahatisha.

Kwa hiyo ninyi mnaoshika seva za umma, kesho mkifika kazini fungueni server.xml, autoDeploy iandikwe false. Toleo jipya lipelekwe usiku, likamilike, kisha aliwashe mtu anayejulikana kwa jina.

Nahodha anaita. Naenda.