Kichupa cha Bei Ghali na Kichupa cha Bei Nafuu

Ndugu wafanyakazi, kuna maneno yanayozungumzwa sana Kasese mjini na huku Bwera, nayo yanatuudhi. Inasemwa kwamba sindano ya seftriaksoni inayoponya ni Rocephin peke yake, ile ya kampuni ya Roche ya Uswisi iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, na kwamba nyingine zote ni za kuwapumbaza maskini. Kwa maneno hayo mtu huuza mbuzi wake ili anunue jina.

Sisi tunaodunga sindano twapinga. Hati miliki ya dawa hiyo ilikwisha zamani, na leo viwanda vingi huitengeneza kihalali. Kidonge hutegemea sana ufundi wa kiwanda, maana lazima kiyeyuke tumboni ndipo dawa ifike katika damu. Sindano ya mshipani haina safari hiyo. Ikiwa kichupa kina gramu 1 kamili ya unga safi, usio na vijidudu, kazi ni ile ile, awe ameutengeneza Mswisi au Mhindi.

Lakini ni nani athibitishe hiyo "ikiwa"? Mwuguzi hawezi kwa macho. Wengine huona rangi ya manjano wakadhani dawa imeoza, kumbe hata iliyo nzuri huwa na umanjano ikiyeyushwa. Mara nyingine kichupa hulaumiwa bure: dawa iliyochanganywa na lidokeni ili kupunguza maumivu ni ya msuli tu, isiingizwe mshipani kamwe; wala seftriaksoni isichanganywe na dripu yenye kalsiamu, kama Ringa.

Kupima ni kazi ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Twadai majibu ya vipimo yabandikwe hospitalini, kwa namba ya kila toleo, tuyasome sisi na wagonjwa. Wakaguzi wafike na katika maduka ya Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, waone kama vichupa havianikwi juani. Na mfanyakazi anayeripoti kichupa cha mashaka asitishwe na wakubwa wake.

Serikali ilifuta malipo katika hospitali zake mwaka 2001. Hata hivyo dawa ikiisha stoo, jamaa wa mgonjwa hupewa karatasi akanunue nje. Basi karatasi hiyo iandikwe seftriaksoni, si jina la kiwanda.