Froome alianzia Kenya, ushindi ukaenda Uingereza
Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alinolewa Kikuyu na David Kinjah. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya mashindano ya dunia ya vijana, Salzburg, bila hata meneja: kikao cha mameneja aliingia mwenyewe! Mwaka 2008 akachukua leseni ya Uingereza. Tour de France akabeba mara 4, kuanzia 2013 hadi 2017.

Miguu ilikuwepo, waandaaji ndio hawakuwepo. Rwanda, ng'ambo tu ya Mto Kagera ukiwa Kyerwa, wana Tour du Rwanda kila mwaka, na Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia, mara ya kwanza Afrika. Vijana wanaopandisha mikungu ya ndizi milima ya Karagwe, nani atawaandalia mbio?