Kilumi Si Ngoma ya Kuwania Kikombe Tu

Shule zetu za Machakos zimezoea kupeleka ngoma za Wakamba katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanzishwa mwaka 1927. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, kilumi haikubuniwa kwa ajili ya majaji. Tangu jadi ni ngoma ya ibada: akina mama wazee waliicheza kuomba mvua na kuwatuliza waliopagawa na pepo. Mbeni, yenye kuruka na kupinduka, ni burudani ya vijana. Mwanafunzi anayezicheza zote mbili bila kuelezwa tofauti hiyo amefunzwa hatua tu, hakufunzwa mila. Walimu, kabla ya mazoezi, mwalikeni darasani nyanya anayeijua kilumi. Mwacha mila ni mtumwa. Je, anayeiiga asiyoielewa?