Mtoto wa Mwezi wa Nane



Baba mmoja wa Kalundu, hapa Uvira, ametuuliza jambo ambalo wengine pia wanalo moyoni, ila waona haya kulitamka. Mkewe amejifungua katika mwezi wa nane. Mtoto ni mdogo mno, hana nguvu ya kunyonya, na wazee wa nyumbani wamekwisha kusema: "Wa mwezi wa saba huishi, wa mwezi wa nane haishi." Basi, auliza, yafaa kuendelea kupoteza fedha na siku hospitalini?

Yafaa sana! Usemi ule si kweli, wala si wa wazee wetu peke yao. Wayunani wa kale nao waliuamini, hata wakauandika katika vitabu vyao vya uganga. Hesabu za hospitali zaonyesha kinyume: kila juma analoongeza mtoto tumboni mwa mamaye lamzidishia tumaini la kuishi. Wa mwezi wa nane ana nguvu kuliko wa saba. Lakini asiyepewa maziwa wala joto, kwa kuwa "atakufa tu", hufa kweli, na wazee huonekana wamesema kweli.

Sasa tazameni ubongo. Mtoto wa majuma 24 tumboni ana ubongo laini, karibu bila mikunjo. Mikunjo yake hufanyika baadaye. Katika juma la 34 ubongo una kama theluthi mbili tu ya uzito utakaokuwa nao siku za mimba zikitimia. Aliyezaliwa mapema hana budi kuimaliza kazi hiyo nje, penye baridi. Akipoa, akikosa pumzi, akishinda na njaa, au akiambukizwa ugonjwa, ubongo waweza kupata hasara, na pengine hasara hiyo haionekani mpaka siku za kwenda shule.

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto wengi wa namna hii na mashine za joto chache, zile ambazo wauguzi wetu huziita kuvezi. Akaagiza watoto wafungwe vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Wengi waliiona kuwa ni dawa ya maskini. Lakini watoto wa Bogotá waliotunzwa hivyo katika miaka ya 1990 walichunguzwa tena walipokuwa na umri wa miaka 20 hivi. Hawakuwa watu wa akili za ajabu; ila walikuwa wamekosa shule mara chache zaidi, hawakuwa wakali kama wenzao, na sehemu kadhaa za ubongo wao zilikuwa kubwa zaidi.

Karibu nasi, hospitali ya Muhimbili huko Dar es Salaam ilishiriki, pamoja na hospitali za Ghana, India, Malawi na Nigeria, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021. Watoto 3,211, wa gramu 1,000 hadi 1,799, waligawanywa. Wengine walifungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. Wengine waliwekwa kwanza katika mashine mpaka wapate nguvu. Katika kila 100 wa kundi la kwanza walikufa 12 kabla ya siku 28. Wa kundi la pili, karibu 16. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza kutongoja.

Namna yake ni hii. Mtoto avikwe nepi, kofia na soksi tu, awekwe wima kati ya maziwa ya mama, uso umegeuzwa upande, kisha afungwe kwa kitenge, mchana na usiku. Si mgongoni! Mgongo ni wa mtoto aliyekwisha kukaza shingo. Maziwa yakamuliwe, anyweshwe kwa kikombe kidogo, au kwa mpira kama muuguzi atakavyoonyesha. Akisita kupumua au akibadilika rangi, aitwe muuguzi upesi.

(Kwa mimba zijazo: malaria ya bonde la Ruzizi ni mojawapo ya sababu za watoto kuzaliwa kabla ya siku. Chandarua na vidonge vya kliniki visidharauliwe.)

Nawe, baba wa Kalundu, usikae uani ukihesabu fedha. Mama naye huchoka, tena ataka kuoga na kulala. Vua shati, kaa, upokee mtoto. Ngozi yako ina joto lile lile.