Nyumba yako, taa za nani?

Leo sina mzaha sana. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyoingizwa mjini, tena na watu ambao sidhani kama walikusudia kuniibia. Wewe unayedunduliza ununue kibanda chako, acha kwanza hiyo simu, sogea karibu.

Mwaka jana mimi na baba Neema tulichoka kupanga. Kila Januari mwenye nyumba wetu wa Tabata anakuja na kodi mpya mdomoni. Tukasema basi, liwalo na liwe, tutafute kwetu. Dalali akatupeleka Chanika, ndani ndani huko, ambako ukishuka kwenye daladala unamalizia na bodaboda. Nyumba yenyewe bomba: vyumba vitatu, choo cha ndani, bati la msauzi. Na juu ya bati, paneli mbili za sola zinang'aa kama kioo cha saluni!

Nguzo za umeme zilikuwa hazijafika mtaa ule. Dalali akaona macho yangu yalipo. "Dada yangu," akasema, "hapa unanunua nyumba na umeme wake. LUKU hujui, bili hujui. Jua la Mungu hilo!" Mwenye nyumba, mzee mmoja mstaafu mpole kweli kweli, akawasha taa zote, akawasha tivii, akawasha na feni. Baba Neema akanikonyeza. Tukaongeza milioni moja na nusu kwa ajili ya hiyo sola. Risiti hatukuomba. Nani anaomba risiti ya jua?

Tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wakili akagonga muhuri. Mkataba ukasema "nyumba na kiwanja". Sola haikutajwa hata kwa herufi moja.

Siku ya 19 tangu tuhamie, saa mbili usiku, niko jikoni nageuza chapati. Giza! Taa zote, feni, tivii, kwishnei. Neema akaanza kulia. Asubuhi tukamwita fundi wa mtaani. Akafungua kile kisanduku cha ukutani, akakiangalia, akacheka. "Mama, hii haijaharibika. Imefungwa. Hii sola ni ya mkopo."

Kwa wasiojua, ngoja niwaeleze. Sola nyingi za siku hizi zinachukuliwa kwa kulipa kidogo kidogo. Kampuni inakufungia, unatoa kianzio, halafu unalipa kwa simu kila siku au kila wiki. Ndani ya kisanduku kuna kifaa kinachojua umelipia siku ngapi. Vingine vina laini ya simu ndani yake, vingine unaingiza namba unazotumiwa, kama unavyofanya kwenye LUKU. Siku ulizolipia zikiisha, kinajifunga, hata jua likiwaka la kuunguza nyasi.

Biashara hii imewezekana kwa sababu ya pesa za kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia kwetu mwaka 2008, na miaka michache baadaye wauza sola wakaona kumbe mtu wa kawaida anaweza kulipa buku mbili mbili bila kupanga foleni popote. Watu wengi wamepata mwanga kwa njia hiyo, na mimi siipondi. Ila mikopo ya namna hii ina kawaida yake: mpaka malipo ya mwisho yaingie, mali ni ya kampuni. Anayelipa bado ni mtumiaji tu, na huwezi kumuuzia mwenzio kitu ambacho bado si chako.

Tukampigia mzee. Masikini ya Mungu, naye akashtuka kuliko sisi! Kumbe sola alifungiwa na mwanawe, kijana wa bodaboda, kama zawadi kwa baba. Mkopo uko kwa jina la kijana, na kila siku alikuwa analipa kimya kimya. Mzee alidhani mambo yalishaisha zamani. Alipouza nyumba na kuhama, kijana akajiuliza: kwa nini niendelee kulipia taa za watu nisiowajua? Nami ningekuwa yeye, ningeacha.

Wiki mbili baadaye wakaja vijana wawili wa kampuni (jina nalihifadhi) na ngazi yao. "Dada, tumefuata mali yetu. Deni limebaki 640,000." Nilitaka kuwaporomoshea matusi, baba Neema akanishika mkono. Wenzangu walikuwa na karatasi. Mimi nilikuwa na maneno ya dalali, na dalali mwenyewe simu yake haipatikani mpaka leo.

Nikamfuata wakili. Akanieleza kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaposema "ardhi" inahesabu pia majengo na vitu vilivyojengewa hapo moja kwa moja. Sasa paneli iliyofungwa kwa boliti nne ni sehemu ya jengo kama dirisha, au ni mali ya kuhamishika kama tivii? Hapo ndipo watu wanapogombana. Muuzaji anaweza kupanda juu siku ya kuhama akazifungua, wewe ukabaki na matundu kwenye bati. "Na hata ukimshinda muuzaji," wakili akaniambia, "bado hujamalizana na aliyemkopesha."

Basi, jamani, msirudie ujinga wangu. Ukikuta sola juu ya nyumba unayotaka kununua, swali la kwanza lisiwe "inawasha nini?" Uliza "ni ya nani?" Majibu ni matatu tu. Huenda ililipwa taslimu, na risiti ipo. Huenda iko kwenye mkopo, na kuna deni. Huenda ni ya kukodi, yaani itabaki ya kampuni siku zote kama ilivyo mita ya TANESCO: iko ukutani kwako, lakini si yako.

Akisema ni yake, akuonyeshe risiti. Nyuma ya paneli kuna karatasi yenye namba. Ilinganishe na ya kwenye karatasi zake, na kwenye betri na inveta ufanye hivyo hivyo. Kama ilikuwa mkopo, akupe barua ya kampuni kwamba deni limekwisha. Usiridhike na "nilishamaliza". Pigeni simu kampuni mkiwa wote wawili, kwa sababu wewe peke yako huenda hawatakuambia deni la mtu.

Kama deni lipo, si mwisho wa dunia. Likatwe kwenye bei ya nyumba, ulipe mwenyewe kampuni, au mkopo uhamishiwe kwa jina lako kwa maandishi. Na kwenye mkataba wa nyumba viandikwe kimoja kimoja: paneli ngapi, betri ngapi, inveta, nyaya, kwamba vyote havidaiwi, na kama vinadaiwa nani atalipa.

Halafu uliza umri wa betri. Paneli nzuri inaweza kufanya kazi miaka 25, lakini betri za asidi, zile kama za gari, mara nyingi zinachoka ndani ya miaka michache tu. Usije ukalipia mpya kilichokwisha kufa.

Wala msidhani haya ni ya Chanika tu. Marekani kuna nyumba zenye sola za kukodi kwa mikataba ya miaka 20 mpaka 25, na mnunuzi asipokubali kurithi mkataba, uuzaji wa nyumba unaweza kukwama hapo hapo. Jua ni moja, na karatasi ni zile zile.

Sasa mtaniuliza, shoga, ikawaje? Wale vijana walitupa wiki moja. Siku ya tano mzee akaja mwenyewe kwa daladala, kofia mkononi, na bahasha ya laki tatu. Alikataa hata maji ya kunywa kwa aibu. Tukaongeza 340,000 yetu, tukamaliza deni, tukapewa barua yenye muhuri. Kijana wa bodaboda akaahidi kuturudishia hiyo yetu kwa miezi mitatu. Miezi miwili amelipa. Wa tatu naona kimya, na simsumbui. Alimpa baba yake taa. Wangapi tumefanya hivyo?

Ile barua nimeiweka pamoja na mkataba wa nyumba. Baba Neema alitaka kuibandika sebuleni kama cheti cha ndoa. Nimemwambia aache vituko.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na taa zikiwaka!