Ziwa Limeuzwa Lini?



Jumapili moja mwaka jana niliandamana na waumini wa kanisa moja kwenda ziwani. Vijana kumi na mmoja walikuwa wabatizwe siku hiyo, na kwa desturi ya kanisa lile ubatizo hufanyika ziwani, si katika beseni. Tulikwenda tukiimba, akina mama mbele, wazee nyuma, magari mawili yamebeba wagonjwa na chakula. Mahali ambapo njia ya miguu ilikuwa ikiingia ufuoni tangu enzi za babu zetu, tulikuta lango la chuma, seng'enge pande zote mbili, na mlinzi amesimama. Akatuambia gari ni shilingi mia mbili za maegesho, na aendaye kwa miguu ni shilingi hamsini.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye yeye mwenyewe alibatizwa mahali pale akiwa kijana, akamsogelea mlinzi akamwuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, ziwa hili limeuzwa lini?" Yule kijana akainamisha kichwa. "Mzee, mimi ni mwajiriwa tu. Nimeambiwa nisimfungulie asiye na tiketi."

Tukachanga tukalipa. Mimi, wakili niliyesomea sheria za nchi hii na kuziapia, nilitoa noti mfukoni kama wengine. Nilipodai risiti nilipewa kipande cha karatasi kisicho na jina, wala muhuri wa kaunti, wala nambari ya sheria. Ufuo huo sitautaja, kwa sababu huenda shauri lake likafika mahakamani. Lakini nakiri mbele yenu kwamba tulikosea kulipa, na makala haya nayaandika ili wengine wasirudie kosa letu.

Kuna watakaosema kwamba shilingi mia mbili ni jambo dogo, na kwamba wapigania mageuzi wana mambo makubwa zaidi ya kushughulikia kuliko maegesho ya magari. Wanaosema hivyo hawajaona jinsi ardhi ya umma inavyonyakuliwa. Mnyakuzi haji siku ya kwanza na hatimiliki mkononi. Huanza kwa kupanga mawe kando ya barabara na kusema hapa ni maegesho ya wageni wangu. Watu wakinyamaza, anafunga kamba. Wakiizoea kamba, anaweka lango, na mlinzi wa kukusanya hela. Baada ya miaka michache anajenga ukuta, na siku mtakapofika mbele ya hakimu atasema, "Nimekuwa nikimiliki mahali hapa kwa amani, na wananchi wenyewe wamekuwa wakinilipa." Kila noti mliyotoa langoni itageuzwa kuwa shahidi wake.

Nawaomba mfikirie ni nani anayeumia. Kutoka Kendu Bay hadi mji wa Homa Bay, kupitia Mbita, Rusinga na Sindo, hadi Sori na Muhuru Bay katika Kaunti ya Migori karibu na mpaka wa Tanzania, ufuo ni mahali pa kazi. Hapo ndipo mashua zinapovutwa nchi kavu na nyavu kushonwa. Hapo mama hutandaza omena zake juani asubuhi na kuziuza jioni. Omena zinataka uwanja mpana ulio wazi na jua kali. Zikikosa kukauka siku hiyo huoza, na karo ya mtoto huoza pamoja nazo. Ukigeuza uwanja ule kuwa maegesho ya magari ya wageni wa hoteli, umemfukuza yule mama kazini bila kumwandikia hata barua. Ng'ombe nao hunywa hapo, na watu wengi wasio na mfereji nyumbani huteka maji hapo hapo.

Sasa tuitazame sheria, kwa maana tusipoijua tutaendelea kulipa. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inasema kwamba mito, maziwa na barabara zote ni ardhi ya umma. Ardhi hiyo inashikiliwa na serikali ya taifa kwa amana, kwa niaba ya watu wa Kenya, na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Kifungu hicho hicho kinakataza ardhi ya umma kugawiwa au kutumiwa isipokuwa kwa kufuata sheria ya Bunge. Kifungu cha 68 kinaliagiza Bunge litunge sheria za kulinda ardhi ya umma na kuhakikisha wananchi wanaifikia. Zingatieni neno hilo, kuifikia. Haitoshi kuambiwa kwamba ziwa ni lenu ikiwa njia ya kulifikia imefungwa kwa kufuli la mtu.

Ama kuhusu ada, kifungu cha 210 kinasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria. Kaunti yaweza kutoza ada ya maegesho barabarani ikiwa imetunga sheria yake, na pesa hizo lazima ziingie katika hazina ya kaunti na kuhesabiwa. Mtu binafsi anayetoza magari katika hifadhi ya barabara au kwenye njia ya ufuoni hana mamlaka hayo. Huyo hakusanyi ushuru. Anawaibia wananchi mchana kweupe.

Sisemi kwamba kila kipande cha ardhi kando ya ziwa ni cha umma. Zipo familia zenye mashamba yao halali yaliyopimwa na kusajiliwa, na haki yao tunaiheshimu. Tunachosema ni kwamba maji si yao, barabara iliyochorwa katika ramani ya upimaji si yao, mahali palipotengwa pa kuteremshia samaki si pao, na ukanda ule wa kandokando ambao sheria ya mazingira ya mwaka 1999 na kanuni zake za mwaka 2009 zinaulinda hauwezi kujengwa ukuta kwa sababu tu mwenye shamba la jirani ana fedha na rafiki serikalini.

Wako watakaotuambia kwamba tunapoteza wakati, kwamba mwenye hatimiliki hashindwi. Nawakumbusha mwaka 1989. Mwaka huo Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Mahakama ilimfukuza. Ilisema hana haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye mwenyewe zaidi ya watu wengine. Bustani ilikuwa ya wote, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuitetea. Jumba lile halikujengwa, lakini aliyeliangusha ni kelele za wananchi na kujitoa kwa wafadhili, wala si mahakama.

Mwaka huo huo wa 1989, kiwanja kimoja kando ya bahari huko Nyali, Mombasa, kilichokuwa kimetengwa kuwa mahali pa wazi pa umma, kiligawiwa na kusajiliwa kwa jina la Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Kiwanja kikapita mikono mingine hadi kikafika kwa kampuni iitwayo Dina Management. Mwaka 2017 serikali ya Kaunti ya Mombasa iliubomoa ukuta uliotazama bahari, ili ifungue njia ya wananchi kwenda ufuoni. Kampuni ikashtaki, ikasema imenunua kwa nia njema na hati yake ni safi. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 21 Aprili 2023 mahakama hiyo ilitoa hukumu: kilichotengwa kwa ajili ya umma hakikuweza kugawiwa mtu, na kwa kuwa hati ya kwanza ilitolewa kinyume cha utaratibu, walionunua baadaye hawakununua kitu kinacholindwa na Katiba. Kifungu cha 40 hakimlindi mwenye mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Wasomaji wa Homa Bay na Migori, hukumu hiyo ni yenu pia. Ikiwa hati iliyoanzia kwa Rais wa nchi imeanguka mbele ya njia ya wavuvi na watembeao kwa miguu, ya nani katika fuo zetu itasimama? Na yule mwananchi aliyefukuzwa mahakamani mwaka 1989, leo kifungu cha 70 kinamfungulia mlango. Katika mambo ya mazingira halazimiki kuonyesha kwamba mtu yeyote ameumia.

Tunajua jibu la wakubwa. Watasema tunapinga maendeleo. Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika mjini Homa Bay, na mada yake ilikuwa uchumi wa bahari na maziwa. Tulisikia hotuba nyingi kuhusu utajiri wa maji yetu. Nasi hatuzikatai hoteli, wala watalii, wala gati nzuri. Vijana wetu wanahitaji kazi. Lakini mwenye hoteli anaweza kuegesha magari ya wageni wake ndani ya kiwanja chake mwenyewe, na akaacha njia ya mita chache iliyo wazi kwa mvuvi. Biashara isiyoweza kuishi bila kumfungia maskini njia ya maji ni mzigo juu ya mabega ya maskini, na si haki kuiita maendeleo.

Tazameni majirani zetu tunaogawana nao ziwa hili. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinatenga ukanda wa mita 200 kando ya Ziwa Victoria. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inatenga mita 60. Kwetu sheria zimetawanyika, nyingine ya mazingira, nyingine ya maji, nyingine ya mipango ya ardhi, na mwananchi wa kawaida hawezi kujua ukanda wake unaishia wapi. Giza hilo ndilo shamba la wanyakuzi. Tena ziwa lenyewe halitulii. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964, yakameza fuo na nyumba. Maji yanaporudi nyuma huacha ardhi tupu, na aliye na seng'enge tayari ndiye huwa wa kwanza kuifunga. Tunaidai serikali iweke mpaka mmoja, uliopimwa kuanzia alama ya juu ya maji, na kuuwekea vigingi vinavyoonekana kwa macho.

Lakini tusiwalaumu wakubwa peke yao. Lango halijengwi usiku mmoja bila mtu wa nyumbani kushika tochi. Wako viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fuo, vile tunavyoviita BMU, waliotia sahihi bila kuwauliza wanachama. Wako wazee waliokula kuku wakanyamaza. Na sisi watu wa kanisa, je? Ni mara ngapi tumemketisha mnyakuzi kiti cha mbele siku ya harambee, tukampigia vigelegele kwa bahasha aliyoleta, bila kuuliza imetoka shamba la nani? Sisi tunaosoma habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu tunajua upande alioketi Ahabu, na upande aliosimama nabii. Bwana wetu aliwaita wanafunzi wake wa kwanza ufuoni, wakiwa na nyavu zao. Hatukusoma popote kwamba aliombwa tiketi.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila parokia na kila kikundi kiandike orodha ya njia zote za ziwani katika eneo lake, zilizo wazi na zilizofungwa, pamoja na majina ya wazee wanaoweza kutoa ushahidi. Pili, nendeni katika ofisi ya ardhi mkadai ramani ya upimaji. Ombi lenu liandikwe kwa kufuata sheria ya kupata habari ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Tatu, msilipe langoni kabla hamjaonyeshwa sheria na kupewa risiti ya kaunti. Ulizeni kwa adabu, mkiandika tarehe na kupiga picha, wala msimguse mlinzi, kwani naye ni mtoto wa maskini. Nne, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Taifa ya Ardhi na kwa bunge la kaunti, na msiposikizwa, Mahakama ya Mazingira na Ardhi inakaa Migori na inakaa Homa Bay. Msibomoe ukuta wa mtu kwa mikono yenu, kwa maana siku mtakapobomoa bila amri ya mahakama, mnyakuzi atakuwa mlalamikaji na ninyi mtakuwa washtakiwa.

Wale vijana kumi na mmoja walibatizwa jioni ile, jua likielekea Mfangano. Tulipokuwa tukitoka, mlinzi alitufungulia lango akafunga kufuli nyuma yetu. Yule mzee hajajibiwa swali lake hadi leo. Mwaka huu kuna wengine watakaobatizwa. Tutarudi pale pale na ramani mkononi, na hatutalipa.