Hisani ya vyuoni na mfuko wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

KILA mwaka, ifikapo Oktoba na Novemba, vyuo vikuu nchini hupokea maelfu ya vijana wanaoanza mwaka wa kwanza. Kabla hata hawajaijua njia ya kwenda maktaba, hukutana na meza zilizopangwa nje ya ukumbi wa usajili: jumuiya za dini, vyama vya fani mbalimbali, klabu za Msalaba Mwekundu, za mazingira na za midahalo, na umoja wa wanaotoka mkoa mmoja. Kijana huandika jina na namba ya simu katika daftari moja, kisha la pili, kisha la tatu. Jioni hiyo hiyo amekwisha kuingizwa katika makundi matatu ya WhatsApp.

Si jambo baya hata kidogo. Mgeni asiye na ndugu Dar es Salaam au Dodoma hupata hapo mtu wa kumuuliza kuhusu chumba, mwenzake wa kumsindikiza zahanati anapougua, na wakubwa wa kumfundisha jinsi ya kusoma ratiba ya mihadhara.

Baada ya wiki chache huja tangazo la mchango. Kikundi kitatembelea kituo cha watoto yatima, au wodi ya watoto hospitalini, na kila mwanachama anaombwa sh. 5,000, pengine sh. 10,000. Fedha zitumwe kwa namba ya simu ya mweka hazina, pamoja na ya kutolea. Kisha orodha ya majina huanza kuzunguka. Aliyetoa huwekewa alama ya vyema. Ambaye hajatoa huandikiwa neno moja tu: bado.

Mtu anaweza kujiuliza, kuna ubaya gani kijana kufundishwa kutoa? Hakuna. Swali linalopaswa kuulizwa ni jingine: fedha anazotoa ni za nani?

Tangu Julai 2005, pale Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanza kazi chini ya Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, sehemu kubwa ya vijana wa familia zisizo na uwezo wanasoma kwa mkopo. Posho ya chakula na malazi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sh. 8,500 kwa siku, ilipandishwa hadi sh. 10,000. Kwa siku 60 hiyo ni sh. 600,000. Mkononi mwa kijana ambaye hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe, kiasi hicho huonekana kama utajiri. Wanafunzi wenyewe huziita fedha hizo 'boom', na neno hilo linatosha kueleza jinsi zinavyopokewa.

Lakini ni deni. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika akishaajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Kwa maana hiyo, sh. 10,000 iliyotumwa kwa mweka hazina ni mlo wa siku nzima aliojinyima mwanafunzi leo, na ni fedha atakayoirejesha miaka kadhaa baadaye. Sabuni iliyopelekwa kituo cha yatima itakuwa imesahaulika wakati makato yake yangali yanaonekana katika hati ya mshahara.

Wapo walio katika hali ngumu zaidi. Kila mwaka kuna wanaokosa mkopo au wanaopangiwa kiasi kidogo, wakabaki kusubiri majibu ya rufaa huku wakiishi kwa kile ambacho mzazi ametuma baada ya kuuza magunia ya mahindi. Katika orodha ya kikundi hawa hawana safu yao. Nao wameandikiwa 'bado'.

Ni dhahiri kuwa uzito wa neno hilo haumwangukii kila mtu sawasawa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu atacheka na kulipuuza, kwa kuwa ana marafiki wake na anajua kikundi hakiwezi kumfanya lolote. Wa mwaka wa kwanza hana mwingine chuoni isipokuwa watu wa kikundi hicho hicho. Atakopa kwa mwenzake wa chumbani ili jina lake lipate vyema. Kutoa kwa namna hiyo kunakaribia kuwa ada ya kukubalika, hata kama tangazo linasema ni hiari.

Kisha kuna suala la hesabu. Vikundi vingi huishia kuonyesha picha: vijana wenye fulana za rangi moja, magunia ya mchele, katoni za sabuni, na watoto waliopangwa mstari wa mbele. Ni nadra kuona karatasi inayoeleza ni kiasi gani kilikusanywa, fulana ziligharimu kiasi gani, basi lilikodiwa kwa kiasi gani, na kilichobaki kikamfikia mlengwa ni kiasi gani. Picha hizo zina kasoro nyingine pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda utu wa mtoto, na mtoto hapotezi utu huo kwa sababu ameletewa sukari.

Sisi waandishi wa habari nasi hatuwezi kujitoa katika lawama hii. Barua za mwaliko hufika katika vyumba vya habari, tunakwenda, tunapiga picha ya makabidhiano, tunaandika kwamba wanafunzi 'wametoa msaada', kisha tunarudi. Swali la hesabu hatuliulizi, kwani huonekana kama utovu wa adabu mbele ya watu wanaotenda wema.

Yanayotokea pale mtoaji na mpangaji wa fedha wasipoelewana mapema tumeyaona katika ngazi ya taifa. Baada ya tetemeko la ardhi la Kagera la Septemba 10, 2016, michango ilitoka kila upande. Januari 2017, Rais wa wakati huo, John Magufuli, akiwa mkoani humo, alieleza kuwa Serikali haitawajengea wananchi nyumba, na kwamba kipaumbele ni miundombinu ya umma, zikiwamo shule. Huenda uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake. Hata hivyo, waliochanga wakiwa na picha ya familia iliyolala nje walibaki na maswali.

Ipo mifano ya vyuo vilivyofika mbali katika jambo hili. Katika chuo kikuu cha Penn State, jimboni Pennsylvania, Marekani, wanafunzi wamekuwa wakiendesha tangu mwaka 1973 tamasha la kucheza muziki liitwalo THON, ambalo siku hizi huchukua saa 46 bila wachezaji kukaa wala kulala. Tangu mwaka 1977 fedha zake huenda kwa mfuko wa Four Diamonds, unaosaidia familia za watoto wenye saratani. Februari 2024 zilitangazwa zaidi ya dola milioni 16.9. Tofauti na huku kwetu ni kwamba jumla hutangazwa mbele ya umati hadi senti ya mwisho, na mlengwa ni mmoja, anayejulikana kwa miongo kadhaa.

Pamoja na sifa hizo, THON nayo ina somo chungu. Kwa miaka mingi vikundi vya wanafunzi vilisafiri mwishoni mwa wiki kwenda miji ya mbali kusimama barabarani na makopo ya kukusanyia fedha. Mwaka 2015 mwanafunzi mmoja alifariki katika ajali ya gari akirejea kutoka safari ya namna hiyo, na baadaye utaratibu wa makopo ukaondolewa hatua kwa hatua. Wema wa lengo haukutosha kuufanya utaratibu uwe salama.

Hapa nchini, swali la mwanafunzi anadaiwa nini na jamii ni la zamani. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga utumishi wa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa, ulioambatana na kupunguzwa kwa mishahara yao. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wapatao 400. Hoja iliyotawala enzi zile ni kwamba msomi amelelewa kwa jasho la mkulima, hivyo hana budi kulirudisha. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kwa kuwa Serikali ndiyo iliyomsomesha. Anayesoma kwa mkopo leo tayari ameandikiwa namna ya kulirudisha jasho hilo, kwa asilimia.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, vikundi havipaswi kumkataza wa mwaka wa kwanza kutoa, bali vimwombe kwanza kile alicho nacho. Anao muda wa Jumamosi wa kufundisha hisabati katika kituo kilekile kinachopelekewa sabuni. Anayo damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama umekuwa ukitegemea kwa kiasi kikubwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, na akiba hupungua shule na vyuo vinapofungwa. Mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema anaweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Chupa moja, ikitenganishwa, inaweza kuwasaidia hadi wagonjwa watatu.

Penye ulazima wa fedha, orodha ya majina ifutwe, ibaki jumla. Namba ya simu ya mtu binafsi iondoke, ifunguliwe akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipewe nakala ya mapato na matumizi ndani ya wiki mbili baada ya ziara. Ofisi hiyo ipo katika vyuo vyetu, na vikundi vingi tayari hupeleka huko katiba zao ili kusajiliwa.

Muhula ujao wanafunzi wapya watakuta meza zilezile nje ya ukumbi, na madaftari yakiwa wazi. Itafaa mmoja wao, kabla ya kuandika namba yake, aombe aonyeshwe hesabu ya ziara ya mwaka uliopita.